Kaka Anayewasemea Wanawake wa Kikorea

Kuna mwanaume mmoja sijawahi kumwona sura, ila nikikutana naye nitamtambua akisema neno moja tu, na sidhani kama nitamsalimia. Ni yule kaka anayetafsiri sizoni, zile tamthilia ndefu za Kikorea. Anakaa huko Dar es Salaam na maiki yake, Wakorea wanaongea, na yeye anaongea juu yao. Mzee akisema, ni yeye. Mtoto akisema, ni yeye. Bibi harusi akilia, ni sauti ileile nzito, na katikati ya kilio anawasalimia washkaji zake wa mtaani na kuulizia matokeo ya mpira. Hapa Mpanda unapeleka flashi yako laibrari, maana ndivyo tunavyoyaita maduka ya muvi, unajaziwa sizoni nzima, na sharti la wateja ni moja tu: iwe imetafsiriwa.

Nisiwe mnafiki, nilimpenda. Likizo ya mwezi wa sita sebule yangu ya Misunkumilo ilikuwa inajaa wanawake kila mchana, wanakuja na matembele yao ya kuchambua, wanakaa chini, macho kwenye runinga. Tuliwapenda Wakorea kwa sababu kule mateso ya mwanamke hayafichwi. Mkamwana anaamshwa alfajiri akande kabichi na pilipili, lundo la ukubwa wa kitanda, huku mawifi wamekaa wanamenya matunda. Mwingine ni mwanasheria, ana ofisi yake ghorofani, lakini akirudi nyumbani anapiga magoti mbele ya mama mkwe kwa sababu hajazaa wa kiume. Jirani yangu alikuwa anasema yule mama mkwe ni wa kwetu kabisa, kapotea njia tu akatokea Korea.

Na wanapambana, ndicho kilichotuweka pale. Mke anaweza kunyamaza mpaka umkatie tamaa, unamtukana wewe uliyeko Mpanda, halafu siku moja anainua uso na kusema yake. Kaka wa maiki alimwita kila mmoja wao "mtoto mzuri". Daktari wa upasuaji kashika kisu, "mtoto mzuri anaingia tiyeta." Mama mtu mzima yuko mahakamani anadai urithi wake, "mtoto mzuri leo kavimba." Tulikuwa tunacheka mpaka matembele yanamwagika. Nikikikumbuka kicheko kile sasa hivi nakasirika upya.

Likizo hiyo dada yangu mkubwa alikuwa kwangu. Alikuja kutoka Sibwesa alikoolewa, baada ya kumuuliza mumewe mpunga walioulima wote wawili umekwenda kwa nani. Jibu lilikuwa makofi. Hakunisimulia zaidi ya hapo na mimi sikumchimba. Shemeji mwenyewe hakuja kumfuata. Alituma maneno tu, kwamba Jumapili watu wake watakaa na watu wetu nyumbani kwa baba mdogo, Kabungu, ili mke arudishwe. Mke arudishwe, kama jembe lililoazimwa. Dada hakusema anarudi, hakusema harudi. Alipika, alifua, akakaa nasi kutazama.

Sizoni ya wiki hiyo ilikuwa ya mke anayepika kwenye mgahawa wa mama mkwe wake. Mumewe alikuwa amemzaba kofi mbele ya wageni. Ijumaa ndiyo tukafika pale tulipokuwa tunapasubiri. Ukoo mzima umekaa sebuleni. Mke anaingia, anasimama wima mbele ya mumewe, anavua pete, anaiweka mezani, anaanza kuongea. Na kaka yetu akatutafsiria: "Mume wangu, nimekosa. Mimi mtoto mzuri bila wewe si kitu. Nipokee, nitavumilia."

Wanawake wakafuta machozi kwa kanga. Dada akasema polepole, "Unaona, mdogo wangu. Hata hao wa kwenye maghorofa wanarudi." Akanyanyuka akaenda chumbani. Nilipomfuata nilimkuta anakunja vitenge vyake.

Hasira ilinishika hapo hapo, kabla hata sijajua namkasirikia nani. Sura ya yule mwanamke haikuendana na maneno. Nani anaomba kurudi huku anavua pete? Macho makavu, shingo imenyooka, na anayemeza mate ni mume. Mimi nafundisha Kiingereza shule ya msingi. Si Kiingereza cha kutisha, lakini cha kusoma ninacho. Nikanunua bando la intaneti, nikaitafuta sehemu ile ile kwenye simu, ile ambayo haijatafsiriwa, yenye maandishi ya Kiingereza chini. Nikasoma. Nikarudisha nyuma nikasoma tena, maana nilidhani nimekosea.

Jumamosi asubuhi nilimkalisha dada jikoni, nikaegemeza simu kwenye gunia la mkaa, nikamsomea mstari mmoja mmoja kwa Kiswahili. Yule mke alisema: sijaja kuomba, nimekuja kuwaarifu. Chakula mlichokula humu ndani miaka yote nimepika mimi, na kuanzia leo mtajipikia. Mwanenu huyo hapo, kaeni naye.

Dada akaiangalia simu, akaniangalia mimi. "Kwa hiyo hakuomba msamaha?"

"Hakuomba."

"Na kuvumilia?"

"Hilo neno halimo kabisa, dada."

"Sasa huyu kaka katudanganya ili apate nini?"

Nilimwambia sidhani kama alikusudia. Kikorea hajui, na Kiingereza labda kilimpita mbio. Aliangalia picha tu. Akaona mwanamke kasimama mbele ya mume na wakwe, akajiuliza mwanamke aliyesimama hivyo atakuwa anasema nini, akatafuta kichwani mwake kote, akakuta msamaha peke yake. Mwanamke katoka mbali kote kule, kapigwa, kasimangwa, katafuta maneno yake mpaka kayapata, halafu akifika kwetu anakuta mwanaume na maiki anamsubiri amnyang'anye. Na sisi tunamsifia kwamba kaka anajua kutafsiri. Dada aliguna tu. Vitenge vikabaki kitandani vimekunjwa vile vile.

Jumapili tukaenda Kabungu. Wanaume kwenye viti, sisi kwenye mkeka. Kwetu mke hawajibu wakwe moja kwa moja. Mshenga aliyemposea mume ndiye anayeitwa tena mambo yakiharibika. Anamwinamia mke, anapokea maneno yake kwa sauti ya chini, kisha anayapeleka kwa wakubwa yakiwa yamepangika. Mshenga wetu ni mzee anayeheshimika, hana ugomvi na mtu. Alimwinamia dada, na mimi nilikuwa nimekaa ubavuni pake, nilisikia dada alichosema: "Waambie sirudi."

Mshenga akanyooka, akakohoa. "Binti anawasalimu," akasema. "Anasema amekosa kuondoka bila kuaga. Anamwomba mwenzake apunguze hasira, na yuko tayari kurudi kulea familia."

Nilitaka kusimama, shangazi yetu aliyekaa pembeni yangu akanibana goti. Shemeji alikuwa ameshaanza kutabasamu. Baba mdogo anatikisa kichwa kuafiki, mtu anatumwa kuleta chai, na mke keshapelekwa Sibwesa kwa maneno ambayo hayakutoka kinywani mwake.

"Sijasema hivyo," dada akasema.

Hakupaza sauti. Alikuwa bado anaangalia mkeka. "Mzee wangu, nakuheshimu, lakini sijasema hivyo. Nimesema sirudi."

Wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Baba mkwe akasema anajua chanzo, ni hizi sizoni, nyie mnawaachia mabinti wanashinda na Wakorea, wanajifunza jeuri. Baba mdogo naye akaitikia kwamba kweli, zinaharibu ndoa. Nilicheka, shangazi akanikata jicho. Kama dada angeifuata sizoni ile tuliyojaziwa laibrari, saa ile angekuwa juu ya pikipiki na vitenge vyake mapajani. Jeuri ipi hao wanawake wa Kikorea waliyomfundisha, wakati hata wao walisemewa?

Baba mkwe akamgeukia dada, sasa kwa upole, ule upole wa mzee anayetaka jambo liishe. Akamuuliza nani kamfundisha kuwajibu wakubwa. Dada kimya. Akauliza mara nyingine. Dada kimya, anaangalia mkeka. Minong'ono ikaanza kwamba sasa anamdharau hadi baba wa mumewe, na baba mdogo akamgusa bega kwa hasira.

Dada akashtuka. Akamtazama baba mdogo, akamtazama mzee, akaelewa kwamba alikuwa anaulizwa. Akajigeuza mwili mzima pale kwenye mkeka.

"Baba, niongeleshe upande huu," akasema. "Sikio la huko mwanao alilipiga, halisikii tena."

Mimi niliyekaa naye likizo nzima, niliyekuwa nikimwita akanyamaza nikadhani ana mawazo, nililijua hilo siku hiyo, pamoja na wakwe.