Uhakiki wa Vitabu Visivyokuwepo

Munyao, fundi wa redio wa Mumbuni, alikipenda kitabu kimoja cha safari ya mwezini mpaka akakibunia miendelezo. Kuiandika hakuiandika. Aliandika uhakiki wake tu, akaubandika ukutani kwenye maktaba ya kanisa.

“Sehemu ya pili ni ovyo kabisa. Wanafika Mirihi, halafu kurasa arobaini nzima wanapanga foleni ya maji. Si wangebaki Machakos?”

“Sehemu ya tano: mashine ya kurudi zamani imekwama mwaka wa njaa, themanini na nne. Wanakula mahindi ya njano ya msaada mpaka mwisho.”

Watu walicheka, na wengine wakaja kuviulizia vitabu hivyo. Kavutha, mtunza maktaba na mshirika wake katika utani huo, aliwajibu bila kuinua macho: “Kimeazimwa.” Wakiondoka, wawili hao walicheka hadi machozi.

Mwaka wa tisini na nane, Munyao akatamani kukisoma tena kile kitabu cha kwanza, cha kweli.

“Kimeazimwa,” Kavutha akasema, bila kuinua macho.

“Nani ako nacho?”

Kavutha akaendelea kupanga kadi zake. Jibu lile, na sauti ile, Munyao aliyajua vizuri mno: ndiyo waliyopewa waliotafuta vitabu visivyokuwepo. Akabandua karatasi zake ukutani, moja baada ya nyingine. Kavutha hakuuliza kwa nini.