Nyumba Isiyokuwa na Viti

Mimi nina majivuno, na maisha yangu yote nimeambiwa niyafiche. Mama aliniambia, kasisi aliniambia, na ajenti aliyenipeleka Saudia aliniambia kuliko wote: ukifika kwa watu inamisha macho, sema ndiyo. Niliinamisha macho miaka miwili. Siku moja, nikiwa nimeshika birika la kahawa mbele ya ukoo mzima, maneno yakaniponyoka.

Ilikuwa Riyadh, nyumbani kwa kafili wangu, bosi aliyenidhamini kuingia nchini, mtaa wa pili kutoka Olaya. Nilikuwa nimeanzia kazi hapo hapo, jikoni na kwa watoto, kabla mama yake bosi hajavunjika mguu kule Jeddah. Walinipeleka kwake miezi miwili, nikakaa zaidi ya mwaka. Wajukuu walimwita Sitti, yaani bibi yangu, nami nikamwita hivyo hivyo kwa sababu neno madam alilikataa. Sikukuu hiyo ya Idi tulikuwa tumesafiri mimi naye kuja kula na wanawe.

Sitti alikuwa na jambo lake moja. Marehemu mumewe aliuza vitambaa, na ujanani alikwenda Japani kununua mali. Huko alilala kwenye nyumba ya wageni ya kizamani, milimani, na hakuacha kuisimulia mpaka alipofariki: chumba kitupu chenye mikeka, milango ya karatasi, maji ya moto yanayotoka ardhini yenyewe. Sitti hakuwahi kumwamini. Alidhani mzee anatia chumvi. Sasa alitaka kwenda kuona kwa macho yake kama alidanganywa miaka arobaini.

Bosi alifungua picha za nyumba kama hiyo kwenye kompyuta, akazigeuza ili mama yake azione.

"Mama, tazama vizuri. Hakuna kiti hata kimoja. Hakuna kitanda. Utakaa wapi?"

"Chini," Sitti akasema.

"Na utainukaje?"

Sitti akaupapasa mguu wake. Mfupa ulikuwa umeshikana zamani na daktari alikwisha kumruhusu, lakini hofu ilikuwa haijapona. Tangu aanguke hakuwahi kukaa chini. Ukoo ukitandika sufra, kitambaa cha kulia chakula, sakafuni na kuzunguka sinia la wali, yeye alikula peke yake kitini, pembeni, sahani mapajani. Mimi niliyempelekea sahani hiyo nilijua alivyoichukia.

Nami nilikuwa na langu. Bosi alikuwa ameshazungumza na ofisi ya kuleta wafanyakazi ili mama yake atafutiwe muuguzi mwenye cheti. Akija muuguzi, mimi narudi Riyadh, jikoni. Sikutaka. Kule Jeddah nilikuwa na mtu wa kumtunza, na nilijua kumtunza. Huku nilikuwa kadama, mtumishi wa kuosha sufuria.

"Atainuka mwenyewe," nikasema. "Nitamfundisha."

Madam, mke wa bosi, akacheka. "Mashallah, siku hizi wewe ni daktari?"

"Si daktari, madam. Lakini mama yangu alianguka, na hospitali kule kwetu Voi walinionyesha jinsi ya kumwinua. Nilimwinua miaka mitano."

Bosi akafunga kompyuta. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuhesabu hatari. "Wiki tatu," akasema. "Nitakuja Jeddah. Mama akiinuka sakafuni bila kushikwa na mtu, tunakwenda Japani na wewe utabaki naye. Asipoinuka, au akiumia, hata kama ni kule safarini, halas. Muuguzi anakuja na wewe unarudi hapa."

Nikasema ndiyo, safari hii nikiwa nimeinua macho.

Tuliporudi Jeddah nilimtuma dereva wa Sitti, Mkenya mwenzangu aliyepanga chumba Al-Hindawiyah na wenzake, anitafutie kigoda kizito kwa fundi huko Al-Mahjar. Nilimpa kipimo kwa kamba. Aliitazama kamba, akanitazama na mimi.

"Siz, umejiingiza box," akasema. "Hawa wanataka nurse ako na papers. Huyo mama akianguka ukiwa hapo, utalala airport ukingoja kurudishwa Kenya."

"Leta kigoda, ndugu yangu. Mambo ya airport niachie."

Watu wengi humvuta mgonjwa kwa makwapa. Ukimvuta hivyo unamuumiza bega, unajivunja mgongo, na yeye hajifunzi kitu. Mimi nilimfundisha Sitti kulala ubavu kwanza. Halafu anajisukuma kwa kiwiko, anaweka viganja vyote viwili chini, anapiga magoti. Kigoda kipo mbele yake. Anaweka viganja juu ya kigoda, analeta mbele mguu wenye nguvu, unyayo wote umegusa sakafu. Hapo anatulia. Pumzi moja, ya pili, ndipo anasukuma. Kutulia ndiko kulikomshinda. Alikuwa mwanamke wa haraka, mwenye kutoa amri, na kila alipofika hapo alitaka kurukia juu kama msichana.

Siku ya kwanza tulishuka vizuri, tukashindwa kupanda. Tulikaa kwenye zulia tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Alinitukana kwa Kiarabu cha Hijazi ambacho sikukijua chote, nashukuru. Akasema niite dereva. Nikamwambia dereva ni mwanamume wa watu, atamshikaje? Akasema basi niite jirani. Nikamwambia jirani akija, Jeddah nzima itajua kabla ya alasiri. Hilo lilimwingia. Akageuka ubavu, akapiga magoti, akanuna, akatulia, akasukuma. Aliposimama aliniamuru nilete chai, akainywa akiwa wima.

Wiki ya pili alikula nami sakafuni kila siku. Bosi alipokuja, Sitti hakungoja kuulizwa. Alimkuta mwanawe bado anavua viatu, akaketi chini mbele yake, akalala ubavu, akainuka. "Yalla," akasema, "kata tiketi."

Tulisafiri likizo ya shule: bosi, madam, watoto wawili, Sitti na mimi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, juu kabisa ya kijiji, na mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo aliyetupokea mlangoni amepiga magoti. Tulivua viatu. Aliona mkongojo wa Sitti, akasema neno kwa wasaidizi wake, na kufumba na kufumbua vikaletwa kiti chenye mgongo na kitanda cha kukunja. Wazee wao nao wana magoti, kumbe, na nyumba imewaandalia.

Nusura nilie. Wiki tatu za matusi, na kiti kilikuwepo muda wote!

Bosi akafurahi. "Alhamdulillah, Mama, kaa."

Sitti alikitazama kile kiti kama anavyotazama samaki wa jana. "Nimetambaa wiki tatu kama mtoto mchanga," akasema. "Mwambie akirudishe. Baba yako alikaa chini." Kiti kikarudi, kitanda kikarudi. Nilisimama nyuma yake na mabegi, nimejaa hadi shingoni kwa fahari, na nadhani nilionekana.

Jioni hiyo tulikula kwenye meza fupi, kila mtu na sinia lake dogo, samaki na wali na mboga nisizozijua. Nilihesabu masinia nikaona sita, nikaelewa kwamba la sita ni langu. Madam aliona pia. Akataka kusema kitu, lakini Sitti akapigapiga mkeka karibu yake, nikaketi. Baadaye tulipewa bafu la familia, tukajifungia mlango wenyewe, nikamshusha Sitti kwenye maji ya moto hatua kwa hatua. Alizama mpaka mabegani. Halafu akaanza kulia. "Hakunidanganya," akasema. "Maskini yule mzee, hakunidanganya hata kidogo." Nililia naye, ingawa mume hakuwa wangu.

Sasa nifike pale nilipokosea, maana nilikosea.

Nyumba ile ina desturi yake. Jioni wasaidizi huja kutandika magodoro juu ya mikeka, na asubuhi huja kuyakunja na kuyaweka kabatini. Mgeni hatakiwi kufanya lolote. Lakini miaka miwili mimi sikuwahi kuamka nikaacha kitanda cha mtu kimetandazwa. Kulipopambazuka, Sitti alipokwenda kutia udhu, nilikunja magodoro yote mawili, nikayapanga kabatini, nikaona nafsi yangu imetulia. Ningeishia hapo. Sikuishia hapo. Nilitaka yule mama mwenye nyumba akute chumba kinameta, ajue na sisi tunaijua kazi. Nikachukua taulo, nikalichovya kwenye maji ya moto yenye sabuni, nikapiga deki mikeka yote kama ninavyopiga deki vigae vya Jeddah.

Mkeka ule si kigae. Unakunywa maji, unateleza.

Sitti alitoka msalani na soksi miguuni. Mguu ukaenda wenyewe. Alishika ukingo wa mlango, mlango wa karatasi ukampisha, akashuka mpaka akakaa chini kwa kishindo. Bosi alikuwa chumba cha pili. Mlango wa katikati ulifunguka, akaruka ndani mikono mbele, tayari kumshika mama yake makwapani.

"Halas!" Sitti akampigia kelele. "Usiniguse!"

Bosi akasimama palepale. Mimi niligeuka kutafuta kigoda, ambacho tulikuja nacho begini, Sitti akatikisa kichwa. Alijilaza ubavu. Akajisukuma kwa kiwiko. Akapiga magoti, akatambaa hadi kwenye meza fupi, polepole, umbali wa mkeka mmoja na nusu, akaweka viganja juu yake. Mguu wenye nguvu mbele. Halafu akatulia. Katika maisha yake Sitti hakuwahi kutulia vile. Nilihesabu pumzi zake: moja, mbili, tatu. Akasukuma, akasimama, akarekebisha shela yake. Sikuwahi kumfundisha kutambaa kuifuata meza. Hilo alilitunga mwenyewe.

Mama mwenye nyumba alikuwa ameshafika mlangoni kwa kusikia kishindo. Aliona mkeka umelowa, akapiga magoti na kuinama mpaka paji la uso likagusa sakafu, akaomba radhi kwa Kiingereza chake kidogo, tena na tena. Bosi akaanza kumfokea. Nyumba gani hii inayoacha maji sakafuni? Hawajui kuna mzee humu? Na yule mama akawa anazidi kuinama.

Nitasema ukweli. Ningenyamaza, ningepona. Hakuna aliyeniona na taulo. Yule mama alikuwa tayari kulibeba kosa, wala hakujua ni langu. Lakini nilimwona amelaza paji la uso chini kwa ajili ya deki yangu, na yale majivuno yangu, ambayo wote wamenisihi niyafiche, yakakataa katakata. Mimi mtu mwingine asafishe uchafu wangu?

"Baba, acha," nikamwambia bosi. "Maji ni yangu. Nimepiga deki mimi. Yeye hana kosa."

Alinigeukia. Uso wake ulikuwa mweupe. "Wewe?"

"Mimi."

Alirudi chumbani kwake, akavuta mlango. Mama mwenye nyumba aliinuka, akaugusa mkeka kwa kiganja, akanitazama, na nadhani alielewa kila kitu, kwa sababu alikwenda akarudi na vitambaa viwili vikavu. Kimoja akanipa. Akanionyesha kufuta kwa kufuata mwelekeo wa majani ya mkeka, si kukatisha. Tulifuta chumba kizima magotini, bega kwa bega. Mikono yake ilikuwa na sugu mahali palepale penye zangu.

Siku nne zilizobaki bosi alizungumza na kila mtu isipokuwa mimi. Sitti hakuwa na hata alama ya kuchubuka, lakini sharti lilikuwa sharti na mimi ndiye nilikuwa nimemwangusha. Nilipopanga mabegi nilipanga kama mtu anayerudi jikoni. Niliona uchungu, sikatai. Lakini sikujuta kusema.

Tulifikia Riyadh. Asubuhi ya pili bosi aliniita sebuleni. Madam alikuwepo, na Sitti, ambaye alikuwa amekaa chini kwenye zulia kwa makusudi.

"Muuguzi atakuja," bosi akasema. "Nimeshatia saini."

"Sawa, baba."

"Atakuja Jeddah. Mama haachi kusema kwamba wewe hubanduki kwake, nami nimechoka kubishana." Akatazama pembeni, akakohoa. "Ana cheti. Lakini hajui mama yangu anavyoinuka. Utamfundisha. Na akikosea, nataka aniambie mwenyewe, kama ulivyoniambia wewe."

Nilijua natakiwa kuinamisha macho na kusema ndiyo, ahsante. Nilisema ahsante. Macho sikuyainamisha.

"Basi mwambieni aje na nguo pana, baba," nikasema. "Nitaanza kwa kumlaza yeye chini."