Nilisoma Matanga Yangu Nikiwa Hai

Ndugu zangu wa kundi hili la hadithi la kwenye simu, ninyi mlionililia siku tatu, naomba mnisikilize kabla hamjanikaribisha.

Asubuhi ile niliondoka nyumbani, upande wa Simi-Simi hapa Kisangani, bila kujua naenda wapi. Ndivyo nilivyoishi tangu nilipoacha shule ya msingi: nikisikia injini ya lori inawaka, miguu inaniwasha. Mama Kavira, msomaji wangu mkali kuliko wote hapa, alikuwa ameniandikia, "Usituletee habari za njia ukiwa umelala kitandani. Enda uone." Nikapanda lori la mizigo lililoelekea Ituri, nikawatumia ujumbe: niko njiani kwenda Ituri. Kisha simu ikazima.

Nilikuwa nakohoa tangu wiki tatu nyuma. Siku ya pili nilikohoa damu, ikajaa kiganja. Dereva akasimamisha lori. "Shuka, ndugu yangu. Huku mbele iko vita, na weye tayari uko maiti." Akanipandisha kwenye gari lililokuwa likirudi Kisangani. Ndilo tusi lililoniokoa. Wiki hiyohiyo magari yalichomwa kwenye njia ile, na yeye sijamwona tena.

Hospitalini walinipima makohozi: kifua kikuu. Walinichoma sindano mbavuni wakatoa maji, chupa nzima, rangi ya bia. Kwa jasho la usiku godoro lililowa mpaka chini. Nilipoanza dawa mkojo ukawa wa rangi ya chungwa, nikadhani naoza ndani. Muuguzi akacheka. "Ni dawa hiyo, papa. Miezi sita. Ukiacha katikati, utarudi hapa ukiwa umebebwa."

Siku moja mgonjwa jirani aliniazima chaja. Nikafungua kundi.

Mnajua desturi yetu: mtu akifiwa, siku tatu hatuweki hadithi, tunaandika kumbukumbu za marehemu tu. Ilikuwa siku ya pili, na marehemu alikuwa mimi. Mlikuwa mmesikia habari za njia ile, mkaamini nimeungua. Nilisoma kila kitu. Niseme ukweli: nilipendezwa. Mimi niliyeacha shule, mliniita mwandishi.

Mama Kavira aliandika mistari miwili tu: "Mimi ndiye nilimwambia aende. Sitaandika tena."

Nilishika simu nimjibu. Nikaona aibu ya ugonjwa, maana kwetu mwenye kifua kikuu hata kikombe chake hutengwa. Nikasema kesho. Kesho nikaona aibu ya jana. Hivyo hivyo, miezi sita.

Nilipomaliza dawa nilimpigia Bosco, anayesimamia kundi.

"Mwizi weye!" akapiga kelele. "Unatumia simu ya marehemu, huogopi?"

"Bosco, ni mimi mwenyewe. Nilikuwa mgonjwa."

Akanitaka nitaje ujumbe wangu wa mwisho kundini; nilipoutaja, akasema, "Mama Kavira alitoka kundini siku ya tatu ya matanga. Enda kwake kwanza. Kisha nitakurudisha kundini, namba yako tuliiondoa baada ya matanga."

Mama Kavira anauza sabuni kwa jumla, katika mtaa wa mjini tunaouita komini ya Kisangani. Aliponiona aliweka katoni chini, akanishika mkono juu ya kiwiko, pale nilipokonda.

"Umekula?"

"Bado, mama."

Akanipa lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki. Nilipokuwa nakula akauliza, "Yenye niliandika, uliisoma?"

Ningeweza kusema sikuisoma. "Niliisoma."

"Siku gani?"

"Siku ya pili ya matanga."

Akatazama barabarani. "Uliona tunalia, ukanyamaza."

"Nilikuwa na haya, mama. Kifua kikuu."

"Miye nililisha wagonjwa wa kifua kule Butembo mbele ya vita kutufukuza, mutoto yangu. Ungeniomba supu, singekuletea?"

Nilimwomba msamaha, nikamwomba arudi kundini.

"Nimekusamehe," akasema. "Kuandika, hapana. Nikishika simu niandike, naona gari inaungua na weye ndani. Nakuona hapa unakula, na bado naiona."

Nawashukuru waganga wa hospitali na wauguzi, dereva yule popote alipo, na ninyi nyote. Ukikohoa wiki mbili, nenda ukapimwe. Meza dawa mpaka kidonge cha mwisho, hata ukijiona mzima. Na mwambie mtu mmoja kwamba unaumwa, siku hiyohiyo. Kifua changu kilipona, lakini kimya changu kilimwumiza mwingine, na dawa yake sijaipata.

Najua wengi wenu mtaniuliza juu ya hadithi ya Mama Kavira ya shamba la kahawa la baba yake, aliyokuwa akituandikia hapa ikakatika sura ya sita. Sijui inaishaje. Kila Alhamisi napita dukani, namsaidia kupanga katoni, ananipa chakula. Tunazungumza mambo yote: bei, mvua, habari za Butembo. Juzi nikajaribu kuuliza kama yule baba aliuza shamba.

"Kula," akaniambia, "kinapoa."