Sindano Mbili za Shingoni

Jamani, aibu hii naitoa mwenyewe, ila mjue na hasira bado ninayo, maana mpaka leo nasema nilionewa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, mimi fundi cherehani wa mtaa wa Mabawa, kikohozi hakiniachi, picha ya kifua ikaonyesha tezi zimevimba humo ndani, na moja imepanda hadi juu ya mtulinga, hapa chini ya shingo. Hospitali wakasema lazima waichome sindano, watoe kidogo wakapime. Mkalimani wa pale alikuwa Saidi, kaka wa mke wangu (siri kwake hailali), basi nikamwambia, "Shemeji, toka, Kiingereza nakijua." Nilijua salamu tu!

Madaktari wawili wakaanza kubishana juu ya kichwa changu, huyu kashika sindano nyembamba ya kufyonza majimaji, yule kashika nene kama msumari, ya kukata chembe ya nyama, kila mmoja ananigeukia kuniuliza, nami kila mmoja namjibu, "Yesi, sa!"

Wakaamua zote mbili! Nyembamba ikaingia, ikatoka na damu tupu. Nilipoiona nene inakuja, wallahi nilichomoka, shuka ya hospitali, vazi pekee nililoachiwa, ikanaswa kwenye kitasa, nikatokea barazani kama nilivyozaliwa, saa ya kutazama wagonjwa, na aliyekaa mbele ni nani? Mama mkwe, na chupa yake ya uji (Saidi keshampasha habari)!

"Astaghfirullah!" akajifunika uso kwa kanga. "Saidi mwanangu, msitiri huyu!"

Saidi akanifunika, akanirudisha ndani, nami nikafoka, "Waulize, kama nyembamba haitoshi, walinichomea nini?"

Akauliza, akanigeukia. "Wanasema nyembamba haiumizi sana lakini hukosa, nene inauma lakini huleta nyama ya kupimika. Walikuambia uchague, shemeji. Ukakubali zote."

Nikachomwa ile nene, Saidi kanishika mkono, ikaleta jibu: kifua kikuu cha tezi, si saratani niliyoiogopa. Nikatibiwa miezi mingi, nikapona, alhamdulillahi. Lakini nawauliza nyinyi, mtu anatetemeka, anaitikia kila kitu, na wasomi wawili wasishtuke?

Tangu hapo, lugha nisiyoijua siiitikii. Nasema sielewi, nakaa kitako, na shati sivui mpaka nielezwe.