Miche ya Mama Mmoja

Zaina binti Sadallah alizaliwa Bagamoyo mjini, lakini maisha yake ya kazi yalipita porini, kwenye kitalu cha miti karibu na Vigwaza. Huko alimfuata mumewe. Msabaha alikuwa mkwezi wa minazi, na watu wa misitu walipotafuta mtu wa kukwea misindano, ile miti ya mbao yenye majani kama sindano, achume mbegu, walimchukua yeye. Zaina naye akapata kazi kitaluni: kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya miche, kusia mbegu, kumwagilia.

Misindano ya mbegu ilikuwa imechaguliwa, mirefu iliyonyooka, kila mmoja umepigwa mkanda wa rangi nyeupe. Msabaha alitakiwa achume kidogo kidogo kwenye kila mti wenye mkanda, asiguse mwingine. Alifanya hivyo kwa miaka, mpaka kichwa kilipoanza kumsumbua. Siku moja alirudi shati limelowa jasho, akaketi kizingitini.

"Leo nimeukumbatia mti nikiwa juu, Mama Mina," alimwambia mkewe. "Nimeona ardhi inazunguka. Sikujua nitashukaje."

"Mwambie Bwana Rajabu." Rajabu ndiye aliyekuwa bwana miti, mkuu wa kituo.

"Nimwambie nini? Wana kazi gani na mkwezi asiyepanda?"

Binti yao Mina alikuwa ameolewa Pangani, wamebaki wawili, na nyumba waliyokaa ilikuwa ya kituo. Tangu hapo Msabaha akawa anarudi mapema, magunia yamejaa. Zaina aliyaanika matunda yenye mbegu juani, akaona yote yanafanana. Ukingoni mwa shamba palikuwa na msindano mfupi uliopinda, matawi yake chini, unaozaa kupita kiasi. Alijua yanatoka huko, na hakuuliza.

Mwaka 1977 kituo kilitaka mbegu zake zipate hati ya ubora, ili ziweze kuuzwa nje. Chache zikapelekwa Ulaya kupimwa nasaba. Majibu yalichelewa. Huku nyuma miche ya mbegu hizo hizo ilikua, na mingi ikapelekwa kupandwa kwenye kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Lugoba.

Majibu yalipofika, Rajabu aliwaita mume na mke ofisini.

"Mzee Msabaha, kule wanasaga mbegu, wanapitisha umeme, inatokea mistari," alisema. "Nyama ya ndani ya mbegu ya msindano hutoka kwa mama peke yake, kwa hiyo mistari inamtaja mama. Zetu zilipaswa kuwa na akina mama wengi. Karibu zote zina mmoja."

Msabaha alitazama viganja vyake. "Ni ule wa ukingoni. Kichwa, bwana. Siwezi tena kukaa juu."

Rajabu hakufoka. Zaina alitamani afoke.

"Ungeniambia, ningekupa kazi ya chini. Sasa hati hatupati. Miti ya mama mmoja ikizaliana yenyewe kwa yenyewe, kizazi chake kinadhoofika, na huyu mama mwenyewe amepinda. Miche yote ing'olewe ichomwe. Ya Lugoba pia."

Zaina alikwenda Lugoba pamoja na Rajabu, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wanawake wa kule kupanda. Bibi Kibibi, aliyewaongoza wanawake hao, aliwapokea shambani.

"Shikamoo, bibi," Zaina alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kuiona miti yetu? Haujafa hata mmoja."

Rajabu akaeleza. Bibi Kibibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe siku hizi hata mti unaulizwa mama yake?" Hakuna aliyecheka. "Tumebeba maji kichwani kiangazi kizima. Nani aliyetupa mbegu mbaya?"

"Ni kosa la kituo, bibi," alijibu Rajabu, macho chini.

Zaina alishika jembe, akaanza na mstari wa kwanza. Wanawake walisimama wakimtazama, kisha mmoja mmoja wakainama kung'oa. Mizizi ilitoka na udongo uliolowa. Walikuwa wamemwagilia asubuhi hiyo.

Aliporudi, Msabaha alikuwa amelala kitandani, macho wazi.

"Wamesemaje?"

"Wameuliza nani aliyeleta mbegu."

"Ukawaambia?"

"Sikuwaambia."

"Bora ungewaambia," alisema, akageukia ukutani.

Alipewa kazi ya kufagia kitalu. Haikupita muda, asubuhi moja akaanguka kwenye njia tambarare katikati ya matuta, ufagio mkononi. Walimkimbiza hospitali Bagamoyo, na kabla ya Idi akafariki. Rajabu alikuja mazikoni, akasimama nyuma ya watu. Nyumba ya kituo akapewa mkwezi mpya, Zaina akahamia chumba kimoja pembeni ya stoo.

Mvua za masika zilizofuata zilikuta miche mipya, ya mbegu zenye hati zilizoletwa kutoka kituo kingine. Zaina aliisia na kuikuza mwenyewe, ikanyooka vizuri. Wakaipakia kwenye lori kuipeleka Lugoba. Walikuta lile shamba limepandwa mahindi, yamefika magotini.

Bibi Kibibi alimkaribisha Zaina kivulini, akampa kata ya maji ya kunywa, akampa pole ya msiba. Kisha akatazama lori.

"Mwanangu, hiyo rudini nayo. Hatutaki tena."

Zaina hakumbembeleza. Alirudisha kata, akaaga, akapanda nyuma ya lori pamoja na miche, wakageuza.