Mzee Soli na gari la Mwaminifu

Mzee Soli alishona viatu miaka arobaini na mitano, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumtazama mtu usoni kabla ya kumtazama miguuni. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti. Mtaani walimwita Soli. Mvi zilipoingia wakamtangulizia "Mzee", mambo yakaishia hapo.

Kibanda chake kiliegemea ubavu wa duka la vifaa vya ujenzi. Kigoda, chuma cha kugongea, makopo ya gundi, shazia, zile sindano nene za kushonea, zimechomekwa kwenye kipande cha sponji. Ukimpa kiatu anakigeuza, anatazama chini, anakupa habari zako. Wewe unabeba mzigo bega la kushoto. Wewe unaendesha pikipiki. Wewe una haraka na hujui unakokwenda. Watu walicheka, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amekosea.

Alikuwa na tabia moja iliyomkosesha amani nyumbani. Soli aliyoibandua hakuitupa. Aliiandika tarehe kwa chaki, maana kusoma kwake kuliishia kwenye tarakimu, akaitia kwenye gunia. Mteja akirudi kulalamika kwamba soli mpya imelika upesi, anatolewa ya zamani waone pamoja anavyokanyaga. Gunia lilikaa uvunguni mwa kitanda. Mkewe hakulipenda hata siku moja.

"Mume wangu," alikuwa akisema, "nyumba hii imejaa nyayo za watu. Sisi tutakanyaga wapi?"

Naye alikuwa akimjibu kwamba kesho atalitupa. Kesho hiyo haikufika, mkewe akatangulia.

Baada ya mazishi Mzee Soli alilitoa gunia uvunguni, akaliweka mlangoni. Kila asubuhi alilibeba hadi kwenye pipa la taka. Kila asubuhi alirudi nalo.

Makaburi yalikuwa juu ya kilima, nje ya mji. Basi liliishia chini, kwenye kituo cha mafuta. Kutoka hapo ni kupanda. Miezi ya kwanza alipanda, kisha magoti yakagoma. Mara ya mwisho alifika nusu ya njia, akakaa juu ya jiwe, akatazama juu, akateremka. Bintiye, aliyekuwa akiishi naye, alisema atamtafutia mtu wa kumpeleka kwa gari. Mzee akakataa. Hakutaka kukaa na mkewe huku mtu anaangalia saa nje. Alitaka gari lake. Leseni alikuwa nayo tangu ujana, alipoendesha gari la kiwanda cha ngozi. Akiba ya uzeeni ilikuwepo. Ambaye angeila naye ndiye hakuwepo.

Binti akafungua simu, akatafuta. Tangazo moja lilimvutia. Gari safi kama yai, liliandikwa. Mmiliki mmoja tu, mwalimu mstaafu, alilitumia kwenda sokoni na kurudi. Kilomita elfu arobaini. Injini na gia havijaguswa. Na muuzaji alijiita Mwaminifu. Kilemba cha ukoka kilichosukwa vizuri namna hiyo, ukikivaa huwezi kujua ni nyasi.

Mzee hakutaka kuona rangi wala viti. Aliomba picha ya magurudumu. Tairi zilikuwa mpya, meno yote yamesimama. Akaridhika. Mtu anayelivalisha gari soli mpya, aliwaza, hawezi kuwa mwizi. Kosa kama hilo hulifanya fundi viatu peke yake. Binti alishauri wamwite fundi magari alikague kwanza. Baba yake akamjibu kwamba ameshalikagua.

Gari lililetwa na dereva wa kukodi, pamoja na karatasi iliyosema limeuzwa kama lilivyo. Mzee akatia sahihi yake, ambayo ni herufi moja na mkwaju. Kisha akaingia, akainama, akatazama pedali. Raba ya breki ilikuwa imelika kona ya kulia, imebaki nyembamba kama jani. Hakujiuliza kwa nini. Mkono wake haukuwahi kuiacha soli mbovu ikapita mbele yake. Alileta kisu, gundi na raba nzito ya viatu vya jeshi, akazivalisha pedali zote tatu, akazishona na pembeni. Binti akatoka na kikombe cha chai, akakuta pedali zimependeza kuliko gari lenyewe.

Kesho yake walianza safari ya kilimani. Walifika kwenye kituo cha mafuta vizuri. Walipovuka kidogo nusu ya mwinuko, gari likatoa moshi mweupe, likaunguruma kama mtu anayeamshwa kwa nguvu, na gia zikakataa. Likaanza kurudi nyuma lenyewe, taratibu, hadi kwenye jiwe lile alilokalia mara ya mwisho. Hapo likazima.

Fundi magari wa mtaani alilifungua, akatazama, akaita wenzake waje watazame. Gia zilikuwa zimekwisha siku nyingi, zimefungwafungwa ili lisogee siku ya kuuzwa. Na mita ya kilomita ilikuwa imerudishwa nyuma. Alisema gari hilo halikwenda sokoni na kurudi; lilikwenda soko la nchi jirani, miaka mingi, na mzigo juu.

Binti alimpigia Mwaminifu. Sauti ilikuwa tamu.

"Mwambie mzee," ilisema, "gari lililotumika ni kama ndoa ya pili. Halikosi mambo."

Kisha simu ikakatika, na tangu siku hiyo haikupokelewa. Mzee Soli aliuliza amesema nini kuhusu ndoa. Binti akamjibu kwamba hajasema kitu.

Ofisi ya msaada wa sheria ilikuwa ghorofa ya pili, kana kwamba anayedai haki ni lazima aanze na ngazi. Wakili alikuwa msichana wa umri wa wajukuu, mafaili yamemzunguka pande tatu. Mzee alimtazama miguuni. Viatu vya chini, vimelika sawasawa pande zote. Akavuta kiti.

Wakili alieleza taratibu, na mzee alipenda kwamba hakuharakisha. Tangazo bado lipo mtandaoni? Lipo. Basi lipigwe picha leo, kabla halijafutwa, kwa sababu tangazo ni ahadi. Fundi aandike alichokiona, aweke na sahihi. Muuzaji aandikiwe barua ya kumpa nafasi ya kurekebisha, ili asije akasema hakuambiwa. Akinyamaza, wanakwenda ofisi ya malalamiko ya wanunuzi. Huko mzee anaweza kudai moja kati ya mambo matatu: arudishe gari na kurudishiwa chake chote, au litengenezwe kwa gharama ya muuzaji, au abaki nalo na kurudishiwa sehemu. Na ile karatasi ya "kama lilivyo" isimtishe.

"Babu, kama lilivyo si kama nilivyodanganya," alisema. "Ila binti yako aliponieleza kwa simu jana, nilimpigia muuzaji kwa namba ya ofisi, naye ametujibu mapema. Anadai gari si lake, alikaa nalo miezi mitatu tu, na kadi ya gari ina jina la mwalimu. Anasema naye aliuziwa mbuzi kwenye gunia. Kama kweli hakujua, kazi itakuwa ngumu. Kama alijua, imekwisha. Nahitaji kitu cha kuonyesha alijua. Tangu lifike, umegusa chochote ndani ya gari?"

Mzee akatazama dirishani.

"Pedali tu," alisema.

"Pedali umezifanyaje?"

"Nimezitia soli."

Wakili aliweka kalamu chini. Binti akashika tama. Wakili akasema kwa upole kwamba gari linalodaiwa haliguswi hata kwa kitambaa, na kwamba pedali iliyolika ni ushahidi kuliko mita, maana mita hurudishwa nyuma, raba hairudi. Sasa raba imetupwa, basi.

"Nani katupa?" aliuliza mzee.

Ngazi za kushuka hakuzihesabu. Nyumbani, gunia lilikuwa pale pale mlangoni, limenusurika safari ya pipa asubuhi hiyo kama kawaida. Raba tatu zilikuwa juu kabisa, na tarehe za chaki. Binti alizitazama, akamtazama baba yake, akaingia jikoni ghafla. Mzee alisikia anacheka. Kisha akasikia hacheki.

Siku ya usuluhishi walikutana katika chumba chenye meza ndefu na feni iliyolalamika kuliko walalamikaji. Msuluhishi alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye ncha ya pua. Mwaminifu aliingia amepiga pasi mpaka soksi. Viatu vyake vilikuwa vyeusi, vimechongoka, vinang'aa hata feni ilijiona humo.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema.

"Marahaba," alijibu Mzee Soli. Salamu haikataliwi, hata ikiwa chungu. Lakini macho yake yalikuwa yameshateremka chini, na hayakupanda tena.

Mwaminifu alijitetea vizuri. Yeye ni mtu wa kawaida, si mfanyabiashara. Alilipata gari miezi mitatu iliyopita kwa mwalimu, akaliegesha, hakuliendesha. Aliandika alichoambiwa. Kama mita imechezewa, naye ameonewa, ni yatima kama mzee. Alisema yatima, mzee akakohoa.

Wakili akasoma barua ya fundi, akaonyesha picha za tangazo, kisha akampa mzee nafasi. Mzee alifungua gazeti alilokuwa amelikunja, akaweka raba tatu mezani. Msuluhishi alizitazama kama mtu aliyeletewa chakula asichokiagiza.

"Hii ya breki," alisema Mzee Soli. "Kona ya kulia imekwisha. Aliyeendesha anakanyaga kwa nje, mguu wa kulia. Anamwaga uzito huku." Akaonyesha kwa kidole. "Kona hii haikuliwa kwa mwezi wala miezi mitatu, hata aliyekanyaga awe tembo. Nikikosea nifukuzwe. Naomba bwana anionyeshe chini ya kiatu."

Mwaminifu akacheka, akauliza kama ofisi hii siku hizi inapiga ramli. Msuluhishi alisema yeye haamini ramli, lakini kiatu kinaweza kuinuliwa bila kumwumiza mtu. Mguu ukainuliwa shingo upande. Juu kiatu kilikuwa kioo. Chini, kisigino kilikuwa kimelika kona ya kulia, mpaka misumari inachungulia.

Msuluhishi akavua miwani, akaivaa tena. Akasema wanaokanyaga hivyo mjini ni wengi, kiatu peke yake hakitoshi. Na hapo jambo lingeweza kufia mezani, kama Mwaminifu angenyamaza. Lakini mtu aliyeonyeshwa chini ya kiatu chake mbele za watu, na wote wamezuia kicheko, ana uchungu wake.

"Mzee huyu anasingizia," alisema. "Raba hiyo haiwezi kuwa imelika kiasi hicho. Niliitia mpya mwenyewe mwaka juzi, na ilikuwa imara."

Feni ilizunguka. Wakili aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri, "mwaka juzi", akapiga mstari chini yake. Njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na urefu wa pedali.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya karatasi. Mzee aliulizwa anachagua lipi kati ya yale matatu. Akasema gari lirudi, na chake kirudi. Mwaminifu alilipa siku hiyo hiyo, akiomba tu jambo lisifike mbali zaidi, na wakili akamwambia umbali utategemea tabia yake. Lori la kuvuta likaja kulichukua gari. Binti alimwuliza baba yake kama abandue soli zake kwenye pedali. Akasema ziende. Atakayelipata safari hii angalau asiteleze.

Lakini kabla hawajatia sahihi, msuluhishi alikuwa ameuliza kama kuna hasara nyingine. Mzee alifikiri.

"Nilikuwa na safari," alisema. "Bado sijafika."

Wakamwandikia nauli ya teksi. Akaikataa. Alitaka Mwaminifu ampeleke. Msuluhishi alisema sheria haina kifungu cha namna hiyo, ila wawili wakikubaliana, yeye ni nani. Mwaminifu akakubali upesi, kama mtu anayetaka kutoka chumbani.

Basi Jumamosi asubuhi Mzee Soli alipanda kilima kwa gari lingine la Mwaminifu, zima kabisa, gia laini kama siagi. Walipolipita jiwe lile, mzee aliliangalia akalipungia mkono. Juu, Mwaminifu alizima injini, akatazama saa, kisha akakumbuka yuko na nani.

"Chukua muda wako, mzee wangu," alisema.

Mzee akauchukua. Kusubiriwa kumbe hakuudhi, ikiwa anayesubiri ndiye mwenye kosa. Alikaa chini kando ya mkewe, akanyoosha magoti. Alimweleza habari ya gari toka mwanzo. Alipofika kwenye gunia alisita, kama anayeogopa jibu. Akamwambia halitatupwa. Litarudi uvunguni, upande wake yeye, si upande wa mama watoto. Alingoja kidogo. Hakupingwa.

Aliporudi, Mwaminifu alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha gari, soksi moja inagusa vumbi, kisigino cha kiatu cha kulia mkononi. Kokoto zilikuwa zimemaliza kazi iliyobaki. Mfukoni mwa mzee mlikuwa na shazia, uzi, chaki na kipande cha raba, kama mfuko wa mwingine unavyokuwa na funguo. Alikaa, akakipakata kiatu, akashona. Alikazia kona ya kulia.

Mwaminifu aliuliza ni kiasi gani.

"Hiki cha zamani nakichukua mimi," alisema mzee, akakitia chaki.