Babu wa Tangazo la Chai

Nauza picha za kale hapa Mji Mkongwe, na ulimi wangu hauna breki. Juzi mkusanyaji mmoja kutoka Dar alishika picha ya tangazo la chai: bwana wa kanzu kakaa barazani, kikombe mkononi. Nilipomwona anasitasita, nikamwambia, "Huyo babu yangu, mzaa baba. Hapo yuko kwake."

Bi kizee aliyeingia dukani kujikinga na mvua akasogea, akaitazama picha kwa karibu.

"Huyu marehemu mume wangu," alisema. "Baraza hiyo ni ya studio, na kikombe kilikuwa kitupu."

Nikajifanya napangusa vumbi mezani.

"Mimi naye hatukujaaliwa mtoto," akaendelea, macho kanikazia. "Haya niambie, mwanangu. Bibi yako ni nani?"